Koki ya Kung'aa

Mama yangu ameondoka leo asubuhi, na kilichomfukuza ni koki ya bafu.

Niliichagua mwenyewe dukani. Mke wangu alitaka koki mbili, ya moto na ya baridi, na ndoo chini. Mimi nikataka ile moja ya kung'aa, ya kuzungusha. Si mnajua tena, mtu umejenga Mbulu mjini.

Kasoro yake ndogo tu: maji ya moto yanachelewa. Lazima ya baridi yamwagike kwanza.

Leo nikamuuliza kwa majivuno, "Mama, maji ya moto umeyaonaje?"

"Yapi, baba? Mimi naoga ya baridi tangu nije."

"Hukuyasubiri?"

"Nimwage maji safi nikiyaangalia? Kwetu Yaeda Chini tunayafuata na punda."

Kumbe kile kikohozi alichokuwa nacho tangu aje, chanzo ni mimi.

Mzigo alishaufunga. Nikamwambia ndoo ya kukingia yale ya baridi nanunua leo leo. Akanipigapiga begani: "Nunua, mwanangu. Baridi ya kwenu nimeshaioga ya kutosha."

Ndoo nimenunua. Iko bafuni, kavu.

Wenzangu wenye koki za kung'aa, hebu waulizeni wazazi wenu wanaogaje.