Diski ya Mtu wa Kondoa

Mama alinisimulia maisha yake katika miezi yake ya mwisho. Alikuwa amelala chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Chang'ombe, Dodoma, nami nilikaa mezani pembeni ya kitanda, nikichapa kwa vidole viwili. Yeye alizungumza Kirangi, mimi nikaandika Kiswahili. Alinieleza utoto wake Kolo, mbuzi aliowachunga, na mvua iliyomfanya ajibanze chini ya mwamba wenye michoro ya watu wembamba. Alipofariki, ndani ya kompyuta kulikuwa na kurasa kama sitini. Sikuwa nimechapisha hata moja. Disketi chache nilizokuwa nazo nilizijaza mitihani ya jiografia ya shule niliyokuwa nafundisha.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ya kila aina ikafika Dodoma: mashati, friji, mpaka kompyuta zilizochoshwa na maofisi ya Ulaya. Yetu ilikuja bado ina karatasi ubavuni, imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Balbu ya sebuleni ilipasuka na kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Fundi mmoja wa mjini aliifungua, akanionyesha bodi kuu, ile wanayoiita mazabodi, ikiwa na doa jeusi.

"Hii imekufa, mwalimu. Lakini diski yako nzima. Vitu vyako vyote vimo kwenye diski."

Maneno hayo yalinituliza. Baada ya wiki mbili aliniita nikachukue mashine, bodi mpya ikiwa ndani. Siku hiyo mtaa wake haukuwa na umeme, kwa hiyo hakuweza kuijaribu mbele yangu. Aliniambia tu nisishtuke itakapowaka.

"Itaona bodi ngeni, itakuuliza maswali mengi. Wewe ikubalie tu."

Jumamosi asubuhi niliiweka mezani, nikabonyeza. Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Nikabonyeza tena. Ikazunguka, ikasimama. Nilimpigia fundi kutoka kibanda cha simu, nikajibiwa kwamba amesafiri kwenda msibani Singida, na haijulikani atarudi lini.

Mke wangu ni muuguzi. Alikuja akifuta mikono, akanitazama nilivyokuwa nabonyeza kile kitufe kwa hasira.

"Unampiga mgonjwa badala ya kumpima," alisema. "Lete bisibisi."

Tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukafungua ubavu. Akaniambia niinamishe sanduku taratibu. Kitu kikalia ndani, kama punje ya mahindi kwenye debe. Tulilegeza bodi, tukaiinua, na chini yake tukakuta skrubu ndogo iliyoanguka, imekaa katikati ya bodi na bati la sanduku. Tuliitoa, tukarudisha kila kitu, tukabonyeza.

Safari hii feni haikusimama. Lakini kioo kilibaki cheusi na mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza.

"Inalia nini?" aliuliza.

Nilikumbuka fundi aliwahi kuniambia kwamba mlio wa namna hiyo mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu haijakaa vizuri. Tuliichomoa. Mke wangu akachukua kifutio cha penseli, akasugua meno ya dhahabu ya ile kadi mpaka yakang'aa, akairudisha na kuikandamiza mpaka ikalia tik. Tukawasha. Kioo kikapata mwanga.

Nilimkumbatia. Maandishi yalipita, kisha maswali yakaanza, moja baada ya jingine: kifaa kipya kimeonekana, kifaa kipya kimeonekana. Nikakubali kila swali, kama nilivyoagizwa. Ilizimika na kuwaka mara tatu. Hatimaye ikafunguka, na nikabaki nimekodoa macho.

Picha ya nyuma haikuwa ile tuliyoizoea. Ilikuwa maua mekundu. Jalada nililolipa jina la Mama halikuwepo. Badala yake kulikuwa na majalada yaliyoandikwa Alizeti, Ulezi, Mzigo wa Babati, Barua za Duka.

"Haya mafaili ya nani?" mke wangu aliuliza.

Kwanza nilidhani bodi mpya imegeuza majina. Nilifungua jalada moja baada ya jingine nikitafuta neno moja tu la mama. Hakuna. Ndipo nikaelewa. Siku aliponionyesha lile doa, fundi alikuwa na mashine mbili zilizofunguliwa kwenye meza moja, na diski mbili zinazofanana. Diski iliyokuwa ndani ya sanduku letu ilikuwa ya mtu mwingine. Ya kwetu, na sauti ya mama yangu ndani yake, ilikuwa kwa mtu nisiyemjua.

Nilikaa kitandani, kitanda kilekile alicholalia mama. Siku ya kumzika mama nilisimama imara. Siku hii ya diski sikuweza.

"Tafuta anuani," mke wangu alisema. "Usisome ya watu. Tafuta anuani tu."

Nilifungua barua moja ya duka. Juu yake kulikuwa na jina la biashara, mji wa Kondoa, na namba ya simu. Nilirudi kibandani mbio, na viatu vya nyumbani. Aliyepokea alikuwa mwanamume mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Samahani, wewe ulitengeneza kompyuta Dodoma hivi karibuni?"

"Marahaba. Ndiyo, nilitengeneza. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kumbe yule ni mama yako."

"Umemsoma?"

"Tumemsoma, mwanangu. Nyumba nzima."

Damu ilinipanda kichwani. Mambo ya mama yangu, mengine aliyonieleza mimi tu huku amefumba macho, yamesomwa sebuleni kwa watu! Kisha akasema jambo lililonimaliza kabisa.

"Lakini nisamehe. Jana nimeifuta. Kijana wa ofisi ya jirani aliniambia vitu vyangu vimeliwa na kirusi, dawa yake ni kufuta yote na kuanza upya."

Sikumbuki nilivyotoka kibandani. Mwenye kibanda ananiambia mpaka leo kwamba nilimwachia mkono wa simu ukining'inia na yule mzee bado anaita, "Haloo? Haloo?" Mke wangu ndiye aliyekwenda kupiga tena. Ndiye aliyesikia maneno niliyoyakimbia: kwamba kabla ya kufuta, mzee alichapisha baadhi ya kurasa, kwa sababu mama yake mwenyewe alimkatalia kuzifuta hivi hivi.

Kesho yake tulipanda basi la Kondoa, diski yake nimeifunga kwenye kanga na kuipakata. Mzee alitupokea dukani, kofia mkononi, akaomba msamaha kabla hata hatujasalimiana vizuri. Nikamkabidhi diski yake. Akaishika kwa mikono miwili, hakuitazama.

"Njoo ndani," alisema. "Anakusubiri."

Mama yake alikuwa bibi mdogo wa umbo, ameketi kwenye mkeka, bunda la karatasi likiwa chini ya goti lake. Zilikuwa karatasi zile za matundu pembeni, hazijakatwa, ndefu kama nguo. Nilimwamkia. Akanijibu kwa Kirangi na kuniuliza kama mimi ndiye mwana wa yule mwanamke. Nilisema ndimi.

"Mjukuu alinisomea akinitafsiria," alisema. "Nilipofika pale bibi harusi anakataa kula siku tatu, nilicheka mpaka nikalia. Na mimi nilikataa. Nikawaambia hawa, mkiifuta hii bila kunitolea kwenye karatasi, mtanizika."

Alitoa karatasi chini ya goti, akanipa. Zilikuwa kurasa thelathini na nane. Nilianza kusoma nikiwa nimesimama, na hasira niliyotoka nayo Dodoma sikuiona tena ilipo. Nililia mbele ya watu wale, na hakuna aliyenizuia.

Kurasa nyingine hazikuwemo. Bibi alichagua alizozipenda: mbuzi, harusi, mwaka wa njaa. Sehemu ya dada yangu aliyefariki akiwa mchanga, ambayo mama aliisimulia mara moja tu, haikuchapishwa. Nimejaribu kuiandika upya mara kadhaa. Nakumbuka alichosema, lakini maneno yanayonijia ni yangu, si yake.

Kabla hatujaondoka, bibi alimwambia mke wangu atafute kalamu. Kulikuwa na mahali ambapo mama alitaja wimbo wa kutwanga bila kuuimba, nami niliacha nafasi tupu. Bibi aliujua. Aliuimba polepole, mstari kwa mstari, na mke wangu, ambaye hajui Kirangi, akauandika kama alivyousikia.