Nyonga Yangu na Safari ya Buffalo

Pikipiki nilijifunza nikiwa mtu mzima, jeshini, Texas. Mimi ni mwanamke Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, nikaletwa Louisville, Marekani, pamoja na mama yangu na binti yangu mchanga. Kabla sijauzoea ubaridi wa mji ule nikajiandikisha katika jeshi la Marekani, nao wakanifanya dereva wa malori. Mwenzangu wa chumba alikuwa mwanamke wa mji wa Buffalo, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima. Jumapili moja alinikalisha kwenye pikipiki yake akanifundisha kuachia klachi taratibu. Haikupita muda nikawa na yangu.

Baadaye tukapelekwa Kuwait. Siku moja tukiwa kwenye msafara, mchana kweupe, tairi la lori letu lilipasuka, lori likapinduka. Hakukuwa na adui wala risasi. Yule mwenzangu wa Buffalo alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Mimi nilivunjika nyonga ya kulia, ikaungwa kwa vyuma. Nikarudi kwa mama, mtaa wa Beechmont kule Louisville, nikitembelea magongo. Pikipiki yangu iliuzwa nikiwa bado kitandani, wala sikuuliza imekwenda kwa nani.

Miaka ilipita. Nilihamia Hilliard, pembeni mwa Columbus, nikapata kazi ya kupanga safari za malori kwenye ghala. Binti yangu akakua, akaanza kusomea uuguzi. Walioniona walisema nimepona, na kweli nilikuwa nafanya kazi, napika, naenda kanisani. Ila nilikuwa nimejipunguza. Kwenye gari la mtu nilikaa nyuma. Barabara kuu niliikwepa, nikazunguka mitaani hata nikichelewa. Nilikuwa nakaribia miaka hamsini, na nilidhani ndivyo nitakavyoishi mpaka mwisho.

Majira ya kuchipua, yule mwenzangu alinipigia kutoka Buffalo.

"Nimenunua pikipiki ya magurudumu matatu," alisema. "Wameihamishia gia mkononi kwa sababu ya mguu wangu. Unakuja lini tuendeshe?"

"Mimi sina pikipiki."

"Sijakuuliza kama unayo. Nimekuuliza unakuja lini."

Nilicheka, nikakata simu. Kisha nikakaa mezani na chai yangu mpaka ikapoa.

Nilijiandikisha kwenye mafunzo ya pikipiki ya wikiendi, katika uwanja wa maegesho wa chuo kimoja. Wanafunzi wenzangu wote walikuwa vijana. Kwenda moja kwa moja hakukunisumbua. Kilichonishinda ni kugeuza polepole ndani ya mistari iliyochorwa chini. Nilitazama lami, pikipiki ikalala, nami nikaangukia upande wa ile nyonga.

Mwalimu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Umeumia?"

"Hapana. Nimeogopa."

Hakunipa maneno ya kunitia moyo. Alinionyesha jinsi ya kuinua pikipiki: unaigeuzia mgongo, unaiegemea kwa makalio, unasukuma kwa miguu kidogo kidogo mpaka inasimama. Niliinua ile, nyonga ikiuma, na iliposimama nilijisikia kama nimeinua ng'ombe. Siku hiyo sikufaulu. Nilirudi wikiendi nyingine, nikafaulu.

Binti yangu alipoikuta nje ya nyumba pikipiki nyekundu niliyonunua, kuukuu lakini nzima, alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Nilimweleza kwa Kiswahili kwamba nataka kwenda nayo kwa bibi yake, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba kila wiki anaona watu wa pikipiki wakiletwa hospitalini na hataki kuniona mimi miongoni mwao. Nilimwambia anayosema ni kweli. Nilimwambia pia kwamba nimechoka kuogopa. Baada ya chakula akasema, "Ukienda kwa bibi nayo, mimi nakuja nyuma na gari."

Na kweli alikuja. Kutoka Columbus mpaka Louisville alinifuata, taa zake za dharura zikiwaka njia nzima, watu wakitupigia honi. Karibu na Cincinnati malori yalinizingira pande zote mbili, mikono ikakaza mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitoka barabarani, nikasimama kwenye kituo cha mafuta. Binti yangu alishuka akanipa maji. Nilidhani ataniambia niiache pikipiki pale. Alinifungulia helmeti, akanikanda mabega, akasema kwa Kiswahili, "Pumzika kwanza, mama. Hakuna anayetukimbiza."

Mama yangu alikuwa anatungoja barazani, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Aliizunguka pikipiki, akagusa kiti.

"Huyu mtu wa nyuma anashika wapi?"

"Mama, wewe una miaka sabini na kitu."

"Nimekuuliza anashika wapi."

Tulimvalisha helmeti ya akiba, koti langu na suruali ya binti yangu. Akajifunga kitenge vizuri juu ya suruali, akanishika kiunoni. Nilimzungusha mtaani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Majirani Wakongo walitoka nje wakapiga vigelegele, naye akawapungia mkono mmoja. Tuliposhuka, binti yangu alikuwa anacheka huku anafuta machozi, na simu yake imejaa picha.

Mwezi uliofuata nilikwenda Buffalo peke yangu. Binti yangu alinikagulia matairi, akanibusu, akabaki. Mvua ilinikuta baada ya Cleveland, nikajikinga kwenye mgahawa, nikala supu, nikasubiri. Ilipokatika niliendelea kando ya ziwa kubwa, mashamba ya zabibu yakitoa harufu ya udongo uliolowa, na nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijaiwazia nyonga yangu.

Mwenzangu alikuwa amesimama nje kwake, amevaa kaptula fupi, mguu wa bandia umepakwa rangi ya njano. Tulikumbatiana. Mvi zilikuwa zimemjaa, sauti ilikuwa ileile.

Asubuhi tulifuata mto hadi kwenye maporomoko ya Niagara, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika, manyunyu ya maji yalitulowesha nyuso. Nikataka kushuka, mguu ukakataa kuinuka. Nyonga ilikuwa imekaza kwa safari ya jana. Yeye naye alikuwa ameshuka, kiungo cha mguu wake wa bandia kimenasa. Alinivuta mkono nikashuka, nikamwegemea, akaniegemea, tukayumba pale kama walevi wawili, watalii wakitutazama.

"Tukianguka," aliniambia, "wewe ndiye utakayetuinua."

"Najua namna," nikasema.