Uzi Mweusi na Mzula wa Sufu

Nilipoolewa Olasiti nilikuta mume wangu ana binti wa miaka mitano. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na muda wote huo alilelewa Makumira na bibi yake mzaa mama. Bibi alimleta mwenyewe mwezi wa sita, na begi moja, kichwa kimefungwa uzi mweusi, vishungi vimesimama kama miiba ya nungunungu. Mimi nikaona ni mtindo wa kizamani. Wiki hiyo hiyo nikafungua uzi wote, nikaziacha nywele wazi, nikamwambia sasa amekuwa mtoto wa mjini.

Mume wangu ni dereva wa watalii, na mwezi wa saba ndio msimu wao. Aliondoka, tukabaki wawili na baridi. Mtoto alivaa mzula, ile kofia ya sufu, asubuhi, akaenda nao chekechea, akalala nao. Kila nilipochukua kitana alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi aliniita "wewe". "Wewe, nataka chai." Sikutaka majirani wasikie mtoto wa marehemu analia mikononi mwangu, kwa hiyo nikawa nachana kwa mbele tu, panapoonekana.

Jumamosi moja namwogesha, nikagusa kisogoni, vidole havikupita. Nywele zilikuwa zimejifunga donge moja gumu, kubwa kama yai, limechanganyika na manyoya ya ule mzula. Nilipojaribu kulichana alipiga kelele mpaka jirani akaja mlangoni.

"Mnyoe tu," alisema. "Mtoto wa miaka mitano, nywele za nini?"

Nikampeleka kwa kinyozi. Alikubali kutembea, akakubali kukaa. Mashine ilipowashwa akaruka kutoka kwenye kiti akang'ang'ania mlango.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Baba akirudi hatanijua."

Kinyozi akazima mashine. Nilimwomba radhi, tukarudi nyumbani.

Kesho yake, baada ya ibada, tulikwenda Kaloleni kwa msusi ninayemfahamu tangu nikiwa msichana, mama mtu mzima anayesukia chumbani kwake. Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akalitazama lile donge.

"Nani alikuwa anamchana huyu?"

"Mimi."

"Zikiwa kavu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kuanzia kwenye ngozi, au siyo? Ndiyo maana anakukimbia."

Alichanganya maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi, akalilowesha donge na kuliacha. Kisha akaanza kulichambua kwa vidole, akitokea kwenye ncha, unywele mmoja mmoja, huku mkono wa pili umeshika mashina ili ngozi isivutwe. Kitana chenye meno mapana kilikuja mwisho kabisa. Ilichukua saa tatu. Kipande kidogo kilishindikana, akakikata kwa mkasi na kuficha pengo chini ya mabutu, misuko minene aliyomsuka. Mtoto alilia mara moja tu, mwanzoni, halafu akalala, kichwa kwenye mapaja yangu.

"Sufu inakunywa mafuta yote na inasugua," msusi aliniambia. "Uweke kitu laini kwa ndani. Na asilale na nywele wazi hata siku moja."

Nyumbani nilikata shimizi langu la satini, nikaushonea mzula bitana. Halafu nikampigia bibi simu. Nilikuwa naogopa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

Nikamweleza yote, hata la kinyozi.

"Ule uzi ulidhani ni urembo?" akauliza. "Nilikuwa namfunga ili zisijisokote. Njoo naye Jumamosi nikuonyeshe."

Tulikwenda. Alinifundisha kugawa nywele, kupaka mafuta, kuzungusha uzi bila kukaza, maana ukikaza unang'oa za pembeni. Hakunisema tena. Wakati wa kuondoka alinipa kibunda cha uzi na mkungu wa ndizi.

Tangu hapo Jumatano na Jumapili zikawa siku za nywele. Aliendelea kuniita "wewe" kwa miezi kadhaa, ila kitana alikuwa ananiletea mwenyewe. Baba yake aliporudi alisema tu, "Mmesuka," akambeba begani kwenda kununua mkate.

Alipoanza darasa la kwanza shule ilitaka wote wanyolewe. Nilimweleza mapema, naye akauliza kama wavulana pia wananyolewa. Nilipomwambia ndiyo, akaridhika. Sasa yuko darasa la nne. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili tunaziacha nywele zikue kidogo, anazilowesha mwenyewe, anaanza kwenye ncha. Njia ya katikati anayogawia nywele bado anaipinda, lakini hataki nimrekebishie.