Shakwe wa Pete ya Kijani

Selestine, mlinzi wa bwawa la Songwa, alikuwa mtu wa macho makali. Hilo hata waliomchukia hawakumnyima. Ndiyo maana mwaka 1974 Mwalimu Generosa, mtaalamu wa ndege kutoka Dar es Salaam, alimwachia darubini na daftari. Kila Novemba shakwe walishuka pale kutoka nchi za baridi, na wawili kati yao walikuwa wamevishwa pete miguuni.

"Usiniandikie shakwe kwa jumla," Mwalimu alisema. "Niandikie huyu na yule. Nataka kujua kama kila mmoja ana njia yake ya kutafuta riziki, na kama huishika mwaka hadi mwaka."

Kweli kila mmoja alikuwa na yake. Wa pete nyekundu alivua katikati ya maji. Wa kijani, mvivu wa Mungu, alisimama juu ya jiwe kando ya machinjio akingoja utumbo, wala wenzake wakienda majini hakuwafuata. Selestine alimpenda huyo. Kila asubuhi alimsalimu, "Mwangaluka, bwana mkubwa!"

Mwaka wa tatu jiwe lilibaki tupu. Wiki ya kwanza Selestine alijiambia atakuja kesho. Ya pili ikafika barua ya Mwalimu: je, wa kijani amerudi? Basi Selestine alilelewa Samuye, katika nyumba ambamo mgeni hajibiwi "hakuna". Hata chungu kikiwa kitupu, huambiwa karibu, chakula ki njiani. Akaandika: yupo, machinjioni, anakula utumbo. Akaandika hivyo hadi Machi, kwa mwandiko safi kuliko wa siku za kweli.

Aprili akapita Mwahija, mchuuzi wa dagaa kutoka Nungwe, upande wa Geita.

"Shikamoo, Baba Nkwabi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia unauliza ndege wenye pete. Huyu alinasa kwenye wavu wetu mwezi wa kumi na moja. Alikuwa akivua ziwani siku nyingi, tumemzoea."

Akamwekea kiganjani pete ya kijani.

Akivua! Mvivu yule alikuwa amebadili njia, na hilo ndilo Mwalimu alilotaka kulijua. Selestine aliona aibu mpaka chakula kikamshinda. Aliandika barua ya kuungama mara nne, akaichana mara nne. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yeye yalimfika mwanawe Nkwabi hajaoa bado.

Agosti, Mwalimu akaja mwenyewe, uso umejaa furaha.

"Ndege wako ndiye nguzo ya kazi yangu, mzee. Wengine wote, wa hapa na wa kwingineko, waliyumba, yeye hakubadilika. Nionyeshe jiwe lake."

Selestine akamwonyesha. Mwalimu akamsimamisha kando ya jiwe, akatoa kamera.

"Mwalimu," Selestine akaanza, mkono mfukoni, umeishika ile pete, "yule ndege..."

"Subiri, usitikisike. Tabasamu kidogo."

Akatabasamu.