Wake Wenza wa Venisi

"Mama mkubwa, mbona unawaonea wivu watu waliokufa?"

Restituta aliuliza hivyo akiwa darasa la tano. Jibu alilopata siku hiyo ni kutumwa akateke maji.

Mama mkubwa wake, Pelagia, mchuuzi wa dagaa sokoni Majengo, alikuwa na wake wenza chungu nzima, wote wa Venisi. Mumewe, katekista Hilari, alifundishwa Kitaliano na padri mzee, ambaye alipoondoka alimwachia sanduku la vitabu vikuukuu. Humo mlikuwa na wosia wa wajane, sheria za mavazi na masimulizi ya wasafiri kuhusu jamhuri ile ya mabaharia, iliyojengwa juu ya maji ikatajirika kwa meli. Tangu hapo, kila jioni nyumba yao ya mtaa wa Misunkumilo iligeuka Venisi.

"Sikieni nyie," Hilari akasema siku moja, tonge likipoa mkononi. "Mabibi wa kule walivaa viatu vya soli ya mti, ndefu kama kigoda! Bibi hatembei mpaka aegemee kijakazi. Serikali ikakataza, wapi!"

"Na mimi nimevaa nini leo?" Pelagia akauliza kutoka nyuma yake. "Usigeuke."

Hilari akafumba macho. "Kitenge... kile cha bluu?"

Kilikuwa cha njano, kipya, na alishinda nacho tangu asubuhi.

Kesho yake Pelagia alikwenda kwa Isidori seremala, akaagiza soli za mninga, kimo cha kigoda. Jumapili akazifunga miguuni kwa mipira ya baiskeli, akamkamata Restituta bega, wakashika njia ya kanisani. Bega lilimuuma mtoto, lakini macho yake hayakutaka kupitwa na kitu.

"Shemeji Pelagia, unakwenda kutundika mizinga ya nyuki?" jirani yao Manyanda akapaza sauti.

"Cheka tu, shemeji. Leo mimi ni wa Venisi."

Langoni mwa kanisa soli moja ikazama mchangani. Pelagia akayumba, watu wakaguna. Hilari, aliyekuwa akiwapanga wanakwaya, akageuka: akaona viatu, akaona kitenge cha njano, mwisho akauona uso, umejaa machozi yaliyokataa kudondoka. Hakucheka. Akaja, akamwondoa Restituta taratibu, akaweka bega lake mwenyewe.

"Umependeza," akanong'ona.

"Nyamaza, utembee."

Vitabu havikuchomwa. Ila Hilari akawa anamaliza kula kwanza.

Restituta alirudia swali lake akiwa kidato cha tatu, wakichambua dagaa uani. Safari hii Pelagia hakumtuma popote.

"Mke mwenza aliye hai, mwanangu, ukienda bombani utayasikia mabaya yake. Wale wa baba yako mkubwa hawazeeki, hawanuni, hawanuki dagaa. Ningewashindia wapi?"