Mtendaji Aliyeugua Miaka Mitatu

Jumatatu nilikuwa steshenari mjini Korogwe, nasubiri kopi zangu. Mbele yangu mtendaji wa kijiji alikuwa akimtajia binti wa kompyuta maneno ya kuandika kwenye maombi yake ya kusomea uzamili wa sera za umma. Walipofika penye kueleza alama zake za chini za miaka mitatu ya shahada ya kwanza, akashusha sauti.

"Andika niliugua."

"Miaka mitatu yote?"

"Yote."

Bibi mmoja wa kijijini kwake, aliyekuwa kando akisikia, akamgusa bega.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji unayo? Mimi ulinirudisha mara tatu, ukasema maneno matupu hayapokelewi."

Mtendaji akakuna kisogo.

"Futa," akamwambia binti. "Andika sikusoma."

Ningekuwa chuo ningempokea, mradi afundishwe na bibi.