Jina Nililoliandika kwa Majaribio

Mwanafunzi niliyemkosea kuliko wote alikuwa na umri wa mama yangu. Kila asubuhi alipoingia darasani nilimwamkia shikamoo mbele ya vijana wote, naye aliitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akaketi kwenye kompyuta ya mbele, akavaa miwani.

Alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma mpaka lilipouzwa na wengi wakapunguzwa kazi. Wenzake walifungua magenge au wakaanza kuuza mitumba. Yeye alishuka kutoka kijijini kwake Nkoaranga akajiandikisha kwenye chuo chetu kidogo cha kompyuta mjini Arusha, juu ya duka la vipuri vya magari. Miaka hiyo intaneti kafe zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa, nami nilifundisha kutengeneza tovuti wakati mwenyewe nilikuwa nimejifunza juzi tu. Vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi kuliko vya kijana yeyote.

Kwa kazi ya mwisho wa muhula alitengeneza ukurasa wa kumtafuta mwanawe. Kijana huyo alikwenda Mererani kuchimba madini, na kwa miaka minne hakuna aliyepata habari zake. Ukurasa ulikuwa na picha yake, jina lake chini ya picha, na fomu fupi: andika jina lako, andika ujumbe, tuma. Tuliuweka kwenye seva ya chuo, kompyuta inayohifadhi tovuti, ili mtu yeyote, popote alipo, aweze kuandika.

Alhamisi moja hakuja, alikuwa msibani. Siku hiyo nilifundisha tofauti kati ya kazi inayofanyika kwenye kompyuta ya mtumiaji na ile inayofanyika kwenye seva. Nilifungua ukurasa wake kwa sababu ndio uliokuwa bora darasani. Nikabonyeza "tuma" bila kujaza kitu, fomu ikakataa papo hapo.

"Hapa bado hatujatoka kwenye kompyuta hii," nikawaambia. "Seva haina habari. Sasa tazameni."

Nilihitaji jina. Jina pekee lililokuwa mbele ya macho yangu ni lile la chini ya picha. Nikaliandika. Kwenye ujumbe nikaandika, "Mama, nipo salama." Nikatuma.

Binti mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo futa."

"Nitaifuta tukimaliza. Lakini si mmeona? Hata nikizima mashine hii, maneno yamebaki kule."

Kabla hatujamaliza, umeme ukakatika. Ilikuwa zamu yetu ya mgao. Niliwaruhusu wanafunzi, nikaenda zangu nyumbani, nikasahau kabisa.

Ijumaa asubuhi umeme ulikuwa umerudi. Nilimkuta mama yule amesimama katikati ya darasa, ameshika karatasi iliyotoka kwenye printa, analia huku akicheka.

"Mwalimu! Mwanangu ameandika!"

Alinishika mikono yote miwili. Binti wa nyuma alikuwa ananikazia macho. Nilifungua mdomo ili niseme ukweli, na nilichosema ni, "Hongera, mama." Mpaka leo naisikia sauti yangu ikilitamka neno hilo, laini kabisa, kama la mtu mwema. Baada ya nusu saa alikuwa njiani kwenda Mererani.

Alirudi Jumanne, viatu vimejaa vumbi. Nilimwita koridoni nikamweleza yote, bila kumtazama usoni. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia Ijumaa, mwalimu."

"Nisamehe, mama."

"Nimewaonyesha watu karatasi ile. Hata walinzi wa geti la mgodi. Wengine walifurahi pamoja nami."

Nikamwambia nitaufuta ujumbe ule sasa hivi. Akakataa. Alitaka nimfundishe kuufuta mwenyewe. Tukaketi, nikamwelekeza amri inayofuta mstari mmoja kwenye kumbukumbu za seva. Aliiandika bila kosa. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe muda mrefu, mpaka nikatamani umeme ukatike. Kisha akabonyeza.

Alimaliza kozi, akapata kazi ya kutunza kumbukumbu katika ofisi moja. Mwanawe hakurudi. Mimi nimeendelea kufundisha, na kila ninapoonyesha fomu naandika herufi zisizo na maana, na nikifika kwenye nafasi ya jina nasita. Wanafunzi hudhani nimesahau somo.

Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni Tengeru, akichagua parachichi. Nilimwamkia, akaniuliza nina watoto wangapi. Nilianza tena kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono.

"Siku zile nne nilipokuwa namtafuta," akasema, "nilikula vizuri. Nililala vizuri. Tangu aondoke sikuwa nimelala vile."

Akamgeukia muuzaji, akaendelea kuchagua.